Kilomita Ishirini na Saba

Tafakari ya juma
Somo: Luka 10:25–37

Wapendwa, Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu hapa Busia alinisubiri mlangoni. Binti yake ameposwa na kijana wa Tororo, na siku ya wazee kukaa kwa ajili ya mahari imekaribia. Hakuniuliza habari za mahari wala za huyo kijana. Aliniuliza neno moja tu: "Mchungaji, Tororo ni mbali?"

Nilitaka kumjibu, lakini palikuwa na watu waliosimama karibu ambao njia ile ndiyo kazi yao, nikawaachia wao. Kijana wa boda akasema, "Si mbali, Mama. Saa moja hivi, mvua isiponyesha." Dereva wa trela, aliyekuwa ameingia kusali nasi huku gari lake likingoja karatasi, akatikisa kichwa. "Inategemea foleni. Mimi nimewahi kulala njiani kabla sijafika." Kisha bibi mmoja Mteso, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha kila Jumapili, akasema taratibu, "Tororo si mbali. Tororo ni kwa dada yangu."

Hayo ni majibu matatu, na hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo. Nimetembea nayo wiki nzima, na leo nataka tuyatafakari pamoja.

Ukichukua ramani ukapiga mstari ulionyooka kutoka Busia hadi Tororo, utapata kama kilomita 27. Huo ndio mwendo wa ndege, na hapa namaanisha ndege mwenye mabawa, kwa kuwa ndege ya abiria haifanyi safari hiyo. Anayetaka kwenda kwa ndege ya abiria atalazimika kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Kisumu, aruke mpaka Nairobi, aruke tena mpaka Entebbe, kisha arudi mashariki kwa barabara zaidi ya kilomita 200. Ataondoka alfajiri na kufika usiku, mahali ambapo mwenye baiskeli angefika kabla ya chakula cha mchana.

Kwa barabara tunazo njia mbili. Unaweza kuvuka mpaka hapa hapa Busia, kisha ukaelekea kaskazini ukiwa ndani ya Uganda. Au unaweza kupanda upande wetu wa Kenya kupitia Adungosi mpaka Malaba, ukavukia huko, na kumalizia kipande kifupi cha mwisho. Kwa njia hii ya Malaba safari inakaribia kilomita 40. Waliokwisha kupita wanaujua mwamba wa Tororo, ulioinuka mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Unauona kutoka mbali sana, unadhani umeshafika, kumbe bado. Unaendelea kuuona na unaendelea kusafiri.

Kwa nini nawahesabia kilomita katika tafakari? Kwa sababu somo letu la leo nalo lina safari ndani yake. Mtu mmoja aliteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Watu wanaoijua njia ile ya kale hukadiria kwamba ilikuwa ya kilomita 27 hivi. Ni karibu sawasawa na mstari wetu wa Busia na Tororo. Tofauti ni kwamba nchi yetu hapa imetandaa, lakini ile yao huporomoka zaidi ya mita 1,000, kutoka mji wa mlimani hadi bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Ilikuwa safari ya siku moja kwa miguu, katikati ya majabali yenye maficho ya wanyang'anyi.

Tunajua yaliyompata yule msafiri. Alivamiwa, akavuliwa, akapigwa, akaachwa nusu mfu. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Msamaria akasimama.

Sasa angalieni jambo moja ambalo mimi mwenyewe nimelisoma miaka mingi bila kuliona. Watu wale watatu walikuwa kwenye njia moja. Kilomita zao zilikuwa zilezile, jua lao lilelile, hatari yao ileile. Ukiwapima kwa umbali hawana tofauti. Kilichowatofautisha ni muda. Kuhani alifika mapema, na Mlawi alifika mapema. Msamaria alichelewa. Alishuka, akainama, akasafisha vidonda kwa divai na mafuta, akavifunga. Kisha akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake mwenyewe. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe alitembea. Safari ambayo angeimaliza akiwa amepanda, aliimaliza kwa miguu, akimshikilia mgonjwa asianguke. Walipofika kwenye nyumba ya wageni hakumkabidhi akaenda zake. Alilala pale, akamuuguza usiku ule, na asubuhi ndipo akatoa dinari mbili, ujira wa siku mbili za kibarua.

Kama kulikuwa na mtu Yeriko anayemsubiri Msamaria yule jioni ile, alimsubiri bure. Injili haituambii alichelewa kiasi gani. Lakini alichelewa, na kule kuchelewa kwake ndiko Bwana anakotuonyesha na kusema tukafanye vivyo hivyo.

Niruhusuni nikiri jambo mbele yenu. Si muda mrefu uliopita nilikuwa naenda kuhubiri kwenye mazishi upande wa Tororo. Ilikuwa asubuhi, saa tatu na dakika ishirini. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeitazama saa yangu mara tatu tangu tutoke nyumbani. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi. Kabla ya kufika mpakani, kando ya barabara, alikuwepo mmoja wa ndugu zetu wenye ulemavu wanaobeba mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Ninyi wa Busia mnawajua. Ni watu ambao miguu yao haiwachukui, nao huizungusha minyororo kwa mikono, na wamepitisha mizigo ya watu wengine mpakani kwa miaka mingi. Mnyororo wake ulikuwa umekatika. Baiskeli ilikuwa imeinamia upande mmoja, na magunia mawili ya unga yalikuwa yanateleza kuelekea kwenye maji. Alikuwa ameyazuia kwa bega. Mkono mmoja ameshika usukani, na mwingine ameuinua juu.

Kijana wa boda akapunguza mwendo, akageuza kichwa. "Mchungaji, tusimame?"

Nikamwambia, "Twende, tumechelewa."

Tulifika msibani. Ibada haikuwa imeanza. Ndugu wa marehemu walikuwa bado njiani wakitokea Soroti, na wazee walisema hakuna kuanza bila wao. Nikapewa kiti chini ya mwembe. Nilikaa pale saa nzima na zaidi, Biblia mapajani, bila kazi yoyote. Wapendwa, ile saa ilikuwa yake. Nilipompita pale barabarani, saa yake nilikuwa nayo mfukoni, nikaenda kuimwaga chini ya mwembe.

Jioni tuliporudi, unga uliolowa ulikuwa umeganda juu ya lami, na matairi yameupitia. Sikumwona mwenyewe. Nilimwona siku ya tatu. Nikasimama, nikamwomba msamaha. Akanieleza kwamba gunia moja lilipotea na moja lilipona, kwa sababu kijana mmoja Mwislamu, mwenye kubadilisha pesa, aliacha kiti chake na wateja wake katika saa ile ya biashara, akaja kubeba. Kisha huyu ndugu niliyemwacha kwenye tope akaniuliza mimi, "Na mazishi yalikwendaje, Mchungaji?" Hakuongeza neno. Mpaka leo swali lile linanifuata.

Siwaelezi haya ili mnihurumie. Nawaeleza kwa sababu kuhani wa kwenye mfano huu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba.

Turudi mwanzoni mwa somo letu, kwa mwana-sheria aliyemuuliza Yesu, jirani yake ni nani. Sisi watu wa mpakani tunapaswa kulielewa swali hilo kuliko wengi, kwa sababu ni swali la mpaka. Yule bwana alitaka achorewe mstari. Alitaka kujua upendo wake unaishia wapi, ili akishafika kwenye kizuizi awe na haki ya kugeuka na kurudi nyumbani.

Na sisi tunajua jinsi mistari inavyochorwa. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, Uganda yao ilienea mashariki kupita hapa, mpaka kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 1902 nchi hii yote ikahamishwa kwa karatasi, ikawekwa upande unaoitwa Kenya leo. Hakuna Mteso aliyehama siku ile. Hakuna Msamia aliyebomoa boma lake. Walilala wakiwa jamaa moja, wakaamka jamaa ileile ndani ya nchi mbili. Mpaka leo ukivuka Malaba utasalimiwa "Yoga" pande zote mbili, na ukishuka kwa Wasamia utasikia "Mulembe" huku na ng'ambo.

Ipo nyumba moja ambayo kila mzee wa hapa anaijua. Ni ya Kanoni Jeremiah Awori, kasisi wa Kianglikana. Mwanawe mmoja, Moody, alikuwa mbunge wa Funyula, na mwaka 2003 akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Mwanawe mwingine, Aggrey, aliruka viunzi akiiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, akawa mbunge huko, na mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda. Walinyonya titi moja, wakatumikia bendera mbili. Mstari uliweza kugawanya nchi, haukuweza kugawanya meza ya chakula ya mama yao. Ndiyo maana bibi yetu wa Jumapili iliyopita hakuhesabu kilomita. Alitaja dada yake.

Lakini tusijisifu upesi. Kumpenda dada aliye ng'ambo si kazi kubwa. Msamaria hakuwa ndugu wa yule majeruhi. Wayahudi na Wasamaria walikaa jirani, njia zao zilikutana, na hawakutakiana heri. Yesu angeweza kumpa mwana-sheria mstari mpana zaidi, akasema, jirani ni wa kabila lako, au jirani ni wa dini yako, au jirani ni yeyote anayeishi ndani ya kilomita 27. Hakuchora mstari wowote. Aligeuza swali lote: kati ya hawa watatu, ni nani aliyejifanya jirani? Kwa hiyo ujirani si kitu unachokuta kwenye ramani. Ni kitu unachokifanya, kwa kusimama.

Tulipimwa katika jambo hili mwaka 2020. Mnakumbuka. Mwezi Machi Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri, wakabaki madereva wa mizigo peke yao. Chakula, mafuta na dawa za nchi zisizo na bahari zilipita mikononi mwao. Nao wakazuiliwa hapa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, siku baada ya siku, na foleni za malori zikanyooka kilomita nyingi kutoka Malaba. Wakalala chini ya magari yao. Na sisi tulifanya nini? Wengi wetu tuliwaogopa. Tuliwaita waleta ugonjwa. Palikuwa na watu waliokataa kuwauzia chakula, na waliovuka upande wa pili wa barabara walipowaona. Hofu ile naielewa, hata kuhani huenda aliogopa. Lakini walikuwepo pia akina mama waliopika uji, wakauweka kwenye ndoo yenye kifuniko, wakaupeleka kwenye foleni, wakauacha juu ya jiwe na kurudi nyuma hatua chache ili dereva achukue. Hatua zile chache zilikuwa umbali uliotakiwa na afya, na ule uji ulikuwa ujirani. Waliweza kushika vyote viwili.

Leo, tunamshukuru Mungu, njia imefupika. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua hapa Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Zamani ulipanga foleni kutoka katika nchi moja, ukavuka, ukapanga tena foleni kuingia katika nyingine. Sasa unamaliza yote ndani ya jengo moja, upande ule unaoingia. Raia wa nchi hizi mbili anavuka kwa kitambulisho. Mama mwenye mzigo mdogo anayo karatasi nyepesi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizoorodheshwa ambazo thamani yake haizidi dola 2,000, na hana haja ya kupita njia za panya na kuhatarisha mwili wake na mali yake. Hii ni baraka. Waliofanya kazi ya kuifupisha njia wamefanya kazi ya haki, na kila ofisa anayemhudumia mama yule upesi na bila kumwomba chochote anafanya ibada pale dirishani.

Ila nina swali. Muda tuliookoa umekwenda wapi? Ikiwa safari iliyokula siku nzima sasa inakula saa mbili, zile saa zilizobaki tumempa nani? Naona tumezigeuza kuwa haraka zaidi. Njia imefupishwa, nasi tumepoteza subira ya kusimama hata dakika kumi. Baiskeli imekuwa pikipiki, na pikipiki haimwoni aliye kando ya barabara kama baiskeli ilivyomwona.

Kumbukeni jina la boda lilianzia wapi. Lilianzia hapa kwetu mpakani, tangu miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. "Boda, boda," waliita, yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Safari yenyewe ilikuwa fupi mno, mtu mwenye nguvu angetembea tu. Lakini wapo waliokuwa na mzigo, waliokuwa na mtoto mgongoni, waliokuwa wamechoka. Kazi ile ilizaliwa kwa sababu kuna watu ambao hata kipande kile kifupi kilikuwa mbali kwao. Leo jina hilo limeenea Afrika Mashariki yote. Liwe ukumbusho kwetu kwamba umbali haupimwi kwa miguu ya mwenye nguvu. Kwa ndugu yangu wa magurudumu matatu, mwenye mnyororo uliokatika, mita 300 zilikuwa mbali kuliko Tororo yangu.

Jambo la mwisho katika mfano huu ni ahadi. Msamaria alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba kama atatumia zaidi, atamlipa atakaporudi. Yaonekana alikuwa mtu wa njia ile, mwenye kwenda na kurudi, kama wafanyabiashara wetu. Na mwenye nyumba alimwamini, akakubali kumuuguza mgeni kwa deni. Rehema haikuishia kwenye kitendo kimoja cha huruma. Ilipangiwa fedha, ikapangiwa siku ya kurudi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yule majeruhi hakuokolewa na jamaa zake wa Yerusalemu, ambao bila shaka walimpenda. Aliokolewa na aliyekuwa karibu, na aliyekubali kurudi.

Basi wiki hii nawaomba jambo moja dogo, na nimeanza kulifanya mwenyewe. Kama safari yako inahitaji saa moja, ondoka nusu saa kabla. Usiitoe nusu saa hiyo kwa ajili ya foleni wala kwa ajili ya mvua. Itoe kwa ajili ya mtu ambaye bado hujamjua, aliye mahali fulani kando ya njia yako. Usipomkuta, kaa chini ya mwembe na umshukuru Mungu kwamba leo hakuna aliyeumia. Ukimkuta, usiitazame saa, kwa kuwa muda wake umekuja nao.

Na yule mama wa mlangoni nimemjibu. Nimemwambia amwulize binti yake kama kijana yule wa Tororo ni mtu wa kusimama barabarani. Kama ndiye, basi Tororo si mbali, ampe mkono na baraka zangu.